Nilivyoandikwa Ukutani na Kompyuta Yangu

Niseme mapema kwamba sina wa kumlaumu. Aliyekosa ni mimi, mtu mzima mwenye wajukuu saba na cheti cha kidato cha nne, tena nilikosa mbele ya watu waliojaa ukumbi wa kanisa hapa Kituntu, na hadi leo nikipita pale natazama chini.

Mimi ni katibu wa kamati yetu ya maji. Vidole vyangu vimekakamaa, kuandika muhtasari mmoja kunanichukua siku mbili, kwa hiyo nilipoona mtandaoni programu inayomsikiliza mtu akiongea Kiswahili na kuandika yenyewe, nikaipakua kwenye laptopu aliyoniachia binti yangu. Laptopu ikanionya kwamba haimjui aliyeitengeneza programu hiyo. Nikaendelea. Programu ikaanza kuomba ruhusa: itumie kipaza sauti, iandike kwenye ukurasa wowote uliofunguliwa, ianze yenyewe kila laptopu inapowashwa, isikilize hata dirisha lake likifungwa. Kila ombi nikabonyeza Ruhusu (huku kwetu mtu akipiga hodi mara nne kwa adabu humwachi mlangoni, na hii iliomba kwa adabu sana). Mke wangu, aliyekuwa akimenya ndizi, akauliza mbona namkaribisha mgeni bila kumuuliza ametoka wapi. Nikamjibu awaachie hayo waliosoma.

Sasa, bomba la maji lilikuwa lazima lipite kwenye kibanja cha Mzee Kaijage, katikati ya migomba na kahawa yake, kwa sababu upande wa pili ni mwamba mtupu. Akikataa, wake zetu wataendelea kushuka bondeni na madumu kama walivyoshuka mama zetu. Mkutano uliitishwa kwa ajili yake yeye mmoja.

Salum, mwenye duka kule Omurushaka, alituazima projekta na kukaa kando yangu kuisimamia. Nikaonyesha ajenda ukutani. Mwenyekiti akamsifu Mzee Kaijage hadi sifa zikaisha, naye mzee akajibu taratibu kwamba kwanza atahesabu mibuni itakayong'olewa. Salum akaninong'oneza, akitaka kujua kama kuna dalili ya kukubali. Nami nikainama pale pale juu ya laptopu, nikamjibu kwa sauti ya chini:

"Huyu hatoi kitu. Kwake mgeni anahesabiwa hata punje za kahawa ya kutafuna."

Mabenchi ya nyuma yakacheka. Nikainua macho. Maneno yangu yalikuwa ukutani, chini ya ajenda ya pili, herufi kubwa kama sahani, na huku kwetu mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, kusema mtu anaihesabu ni tusi.

Hapo mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikasimama nikasema, "Ndugu zangu, hayo si maneno yangu, ni ya kompyuta," na ukuta ukaandika hivyo hivyo. Nikafunga dirisha la programu (ile niliyoiruhusu kusikiliza hata likifungwa), nikamwambia Salum azime, nimekwisha, na ukuta ukaandika kwamba Salum azime, nimekwisha. Nikajisemea kwamba mke wangu alinionya. Na hilo likaandikwa. Upande wa akina mama walikuwa wanafuta machozi kwa kucheka, isipokuwa mmoja, nanyi mnamjua.

Salum alikuwa ameshika waya auchomoe, lakini Mzee Kaijage akamwonyesha kwa mkono auache. Akaja na fimbo yake, akainama kwenye laptopu kama anayemsemesha kiziwi.

"Bomba halipiti kwangu."

Ukuta ukaandika bila kukosea hata herufi moja. Akavaa kofia yake, akatoka.

Sikutoa udhuru tena. Niliifuta ile programu, nikafuta ruhusa zote, na alfajiri ya pili nikaenda kwake. Nikasema shikamoo. Hakuitikia, akaendelea kupalilia. Siku iliyofuata nikarudi na jembe langu, nikasema shikamoo, kimya, nikashika mstari wa pili wa migomba nikapalilia hadi jua kali. Siku ya tatu nilikwisha kuinama ndipo nikasikia, "Marahaba." Halafu akauliza kama yale maneno bado yapo kwenye laptopu.

"Yapo, mzee. Niyafute?"

"Usifute. Utayasoma wewe, kwa mdomo wako, pale pale."

Nikayasoma. Nilisimama mbele ya watu wale wale na karatasi mkononi, nikasoma lile la punje, nikasema ni langu, nililisema mimi, na ni uongo, kwa maana nimetafuna kahawa kwake tangu nikiwa kijana. Mzee Kaijage akatoa kikapu chake kidogo cha kahawa, akafungua kiganja changu, akaweka punje. "Moja." Akaweka nyingine. "Mbili." Aliendelea hadi kiganja kikajaa, punje zikamwagika sakafuni, na bado anahesabu.

"Ngapi, katibu?"

"Nimepoteza hesabu, mzee."

"Basi andika kwamba bomba lipite."

Nikaandika kwa peni, na vidole viliniuma, na sikujali. Mpaka leo muhtasari unanichukua siku mbili zile zile, na kitu chochote kikiniomba ruhusa kwenye ile laptopu, namwita kwanza mke wangu akiulize kimetoka wapi.