Haijafika Moja

Usukani ukawa mwepesi ghafla.

Kama wewe ni dereva, unajua hiyo si habari njema. Unazungusha kushoto, gari haisikii. Unazungusha kulia, gari haisikii. Na nyuma yangu kulikuwa na watoto wa watu, wamefunga mikanda vile mimi mwenyewe niliwaambia. Na kando yangu alikuwa wa kwangu wa kuzaa.

Niliangalia chini. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yanaingia kwa mlango, na chupa ya uji ya mtoto fulani ilikuwa inaelea karibu na klachi.

Ndio nikajua magurudumu hayagusi chini.

Sasa ngoja nirudi nyuma kidogo mnielewe, kabla mtu hajaanza kuniandikia hapo chini ati nilikuwa nimelewa. Mimi sinywi. Mimi ni mtu wa chai, ulizeni Nekoye anayeniuzia.

Naitwa Jamleck. Naendesha gari la shule huku Kuresoi, kule juu kwa viazi, waru tunaviita, na baridi. Asubuhi nachukua watoto ng'ambo ya mto, jioni nawarudisha. Katikati kuna drifti, ile sakafu ya zege wanamwaga chini ya mto, maji yanapita juu yake na wewe unapita ndani ya maji. Daraja tumeahidiwa tangu nikiwa na meno ya utoto.

Kando ya drifti ya zamani kulikuwa na nguzo. Mbao nene nyeusi ya reli, ilisimamishwa na walowezi, imechongwa namba kutoka chini kwenda juu, moja mpaka sita. Ukitaka kujua maji yamefika wapi, unaangalia nguzo.

Na kulikuwa na wimbo. Huku hakuna mtu hajui huo wimbo, hata nyanya yangu aliuimba.

"Moja pita, mbili ngoja, tatu rudi kwa mama."

Msomaji wa nguzo kwa gari langu alikuwa msichana wangu, Wachuka, wa darasa la pili. Ana jina la mama yangu, kwa hivyo mimi humwita mum. Anakaa mbele, na tukifika pale nasimamisha gari kwanza.

"Mum, inasoma ngapi?"

"Haijafika moja, baba!"

"Tunapita?"

Gari nzima: "Tunapitaaa!"

Hiyo ilikuwa kila siku ya Mungu. Ilikuwa raha yao. Na yangu pia, wacha niseme ukweli.

Likizo iliyopita kontrakta akaja. Wakabomoa drifti ya zamani, wakamwaga zege mpya, pana, safi, mpaka tukapiga picha. Ile nguzo ya mbao wakaing'oa, wakasimamisha ya chuma, nyeupe na nyekundu, inang'aa. Ilikuwa na namba mbili peke yake. Moja na mbili.

Shule ikafunguliwa, mvua ikaanza, na sisi tukaona maajabu.

Mto umepungua!

Mvua ambayo zamani ingefikisha maji kwa moja, sasa kwa nguzo mpya ilikuwa haifiki hata nusu ya moja. Asubuhi moja tuko kwa kibanda cha Nekoye, pale juu ya mto, tumekalia benchi yake mpya. Alikuwa amepatiwa na vijana wa kontrakta wakienda, shukrani ya chai. Kipketer, yule hubeba waru na trekta, akasema, "Leo serikali imefanya kazi, lazima tuseme. Huu mto ulikuwa unatuweka ng'ambo siku mbili. Sahi hata nusu haifiki."

"Si wamepanua," nikasema. "Maji yametandazwa."

Nekoye akageuza mandazi, akauliza, "Na mbona wameweka namba mbili tu? Hizo zingine zilienda wapi?"

"Za nini?" nikamjibu. "Mto hauwezi kufika huko tena."

"Nani aliwaambia?"

"Nekoye, wewe pika mandazi."

Tukacheka. Mimi ndiye nilicheka sana.

Basi siku yenyewe ikafika. Mawingu yalikuwa meusi upande wa msitu tangu saa sita. Huku kwetu palikuwa manyunyu tu, lakini mtu wa huku anajua, mvua ya mlimani inakupata ukiwa na jua lako.

Tulipofika mtoni, watoto walinyamaza wenyewe.

Mto ulikuwa na sauti. Si ile ya kawaida. Ulikuwa unanguruma chini chini, na matawi yanapita mbio.

Wachuka akapangusa kioo na mkono wa sweta.

"Inasoma ngapi, mum?"

Akaangalia muda mrefu. "Haijafika moja, baba."

"Una uhakika?"

"Naiona. Maji iko chini ya moja."

Mimi pia nikaangalia. Kweli, ile moja ilikuwa juu, kavu, nyekundu kabisa.

Haki moyo ulisita. Macho yalikuwa yananiambia maji ni mengi. Lakini drifti ilikuwa mpya, pana, hata siku za kawaida maji yalionekana mengi. Na namba ni namba. Babu yangu alipita kwa moja. Baba yangu alipita kwa moja. Mimi ni nani nibishane na moja?

"Tunapita?" nikauliza.

Ni Travis peke yake alijibu, katoto ka nasari kalikokaa nyuma kabisa. "Tunapita," akasema, polepole.

Nikaingia.

Maji yakashika tairi. Yakashika bampa. Yakashika taa. Injini ikakohoa mara moja, ikazima. Na ndio hapo usukani ukawa mwepesi.

Gari ikageuka kama sufuria kwa karai. Ikaenda kando kando, watoto wakapiga nduru, na mimi nikaomba kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, kwa lugha hata sijui ni gani. Chini ya drifti kuna shimo. Kila mtu anajua lile shimo. Lilimeza ng'ombe wa Kipketer na hatukuona hata pembe.

Kisha tukagonga kitu. Gwaa!

Ilikuwa nguzo. Ile nguzo mpya. Gari ikalala juu yake kwa ubavu na ikasimama, inatetemeka, maji yanasukuma upande ule mwingine.

"Fungueni mikanda! Pandeni juu ya viti! Juu!"

Wakapanda. Wote isipokuwa Travis. Mkanda wake ulikuwa umekwama, na huko nyuma gari ilikuwa imeinama nje ya zege, maji yamefika kifuani pake. Hakuwa analia. Alikuwa ananiangalia tu, ndio kitu kilinimaliza.

Nikaruka viti. Nikabonyeza. Mkanda hauachi. Nikavuta. Hauachi. Vidole vilikuwa vimekufa kwa baridi, sivisikii.

Na huko mbele nikasikia sauti ya Wachuka. Nguzo ilikuwa imesimama pale pale kando ya dirisha lake, angeweza kuigusa. Alikuwa ameikodolea macho.

"Baba, haijafika moja."

"Mum, panda juu!"

"Baba, haijafika moja. Baba, haijafika moja."

Alikuwa anasema tu, bila kupumzika, kama mtu ameachwa na akili. Jamani, mimi nimeogopa vitu maishani. Nimeona watu wakikimbia na mapanga nikiwa mdogo. Lakini ile sauti ya mtoto wangu anasoma namba nzuri huku tunazama, sijawahi kuogopa vile.

Nikasikia honi.

Kipketer! Alikuwa anaingia mtoni na trekta, trela nyuma imejaa magunia ya waru mpaka juu. Alikuja polepole upande maji yanakotoka, akasimama ubavuni mwetu. Ule uzito wote ulisimama kama ukuta, na maji upande wetu yakapunguza nguvu.

"Leta watoto!" akapiga kelele. "Wachana na gari! Leta watoto!"

Wakatokea dirishani mmoja mmoja, wakubwa wakivuta wadogo, wanaangukia magunia. Wachuka ilibidi abebwe na msichana mwenzake.

Mimi na Travis tukabaki. Maji yalikuwa kidevuni mwake. Nikavuta pumzi, nikaingia chini, nikashika ule mkanda na meno na mikono yote miwili. Sijui ni nini kiliachia. Kiliachia. Nikamtoa kwa dirisha akiwa amenishika masikio.

Kibanda cha Nekoye kikajaa. Uji, blanketi, watoto wanatetemeka, wazazi wanafika mbio na gumboti. Mamake Travis akanishika shati.

"Jamleck! Uliingia kwa hiyo maji ukiona nini? Uliona nini?"

Nilisema tu, "Haikuwa imefika moja, mathe." Akaniangalia kama mwendawazimu.

Wachuka alikuwa kwa benchi, blanketi mpaka puani. Nikakaa karibu naye.

"Baba," akanong'ona. "Nilisoma vibaya?"

"Hapana, mum. Hata mimi niliona."

"Basi mbona tulizama?"

Nikamwona anaanza kulia bila sauti, na nikaelewa. Huyu mtoto alikuwa amejiwekea kichwani kwamba ni yeye. Kwamba angetuua sote na mdomo wake.

Kikombe kikamponyoka, kikabingirika chini ya benchi. Akainama kukitafuta.

Akakaa huko chini. Akakaa sana.

"Baba."

"Toka huko, utapata baridi."

"Baba, hapa kuna moja."

Nikapiga magoti. Ile benchi mpya ya Nekoye, mbao nene nyeusi juu ya mawe mawili. Chini yake, upande haukaliwi, kulikuwa kumechongwa. Rangi nyeupe bado iko kwa mitaro ya namba. Moja. Mbili. Tatu.

Nguzo yetu ya zamani. Tulikuwa tumeikalia kila asubuhi tukisifu mto.

Wachuka akaweka kiwiko chake kwa moja, akanyoosha mkono kuelekea mbili. Vidole vikafika.

"Baba," akasema, "hii moja ni fupi."

Watu wakainama kuangalia.

Kipketer ndiye alielewa kwanza, maji bado yanamtiririka. "Woi. Hizi ni futi. Ile ya kontrakta ni mita."

Moja yao ilikuwa tatu yetu na zaidi. Tatu, rudi kwa mama. Zile siku zote mto haukuwa umepungua hata kidole.

Mhandisi wa kontrakta alikuja baadaye, kijana mpole. Alituambia serikali iliacha futi zamani, kabla hata yeye hajazaliwa, na mita ndiyo sheria. Hakukosea. Mita ni mita. Lakini mto wetu ulikuwa bado na futi, na siku walipoubadilisha hakuna mtu alipanda pale kwa Nekoye, akanywa chai, akatuambia. Na sisi nasi hatukuuliza. Aliyeuliza nilimwambia apike mandazi. Nimemwomba msamaha, akaniambia mandazi ni shilingi kumi.

Maji yalipoisha nilimpeleka Wachuka kwa nguzo. Imepinda, lakini iko. Nikamsimamisha kando yake. Ile moja ilimfika kwapani. Kisha nikamwonyesha na mkono pale moja ya zamani ingekuwa, chini ya goti.

Akaangalia kwapa. Akaangalia goti.

"Basi nilisoma sawa," akasema.

"Ulisoma sawa, mum. Ni mimi sikuuliza moja ya nini."

Ndiyo hiyo tu nilitaka kuwaambia. Mtu akikuletea namba, hata kama ni nzuri, hata kama imepakwa rangi ya serikali, muulize kwanza ni ya nini. Ukiona jambo ambalo lilikushinda miaka yote limekuwa rahisi ghafla, usishangilie. Shuka uangalie.

Shule imenunua gari lingine, na kwa nguzo tumechora laini nyeusi pale goti la mtoto linapofika. Wachuka amerudi kukaa mbele, lakini siku za mvua hasemi namba. Anasema, "Baba, shuka kwanza."

Nashuka.

Na ile benchi iko. Nekoye aliigeuza, namba zikakaa juu, na watu wanaikalia wakipiga stori kama kawaida.

Mimi chai yangu nakunywa nikiwa nimesimama.