Mapanga Niliyokataa Yachomelewe

Kuna siku moja haijanitoka akilini, mwanangu, na jana uliponipigia simu ukilia kwamba mtambo wako wa mradi umekataa, niliikumbuka yote.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi, hapa mjini Nairobi, miaka ile ya elfu mbili na kitu. Baba alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Dagoretti Corner, na alishaniambia wazi: nikianguka mtihani wa mradi, nirudi nikae kwenye kaunta niuze misumari. Misumari, mimi! Na vile nilivyoipenda turbini kuliko chakula.

Mimi na mwenzangu Wafula tulikuwa tumeunda turbini ndogo. Feni inasukuma hewa kwenye bomba, hewa inazungusha gurudumu lenye mapanga kama ya feni. Mbele ya gurudumu kulikuwa na mapanga mengine yasiyozunguka, kazi yake kuielekeza hewa. Mashine iliimba, tukaringa. Msimamizi wetu, Daktari Muthoni, mama asiye na maneno mengi, akaitazama kidogo.

"Na nani amewaahidi hewa itakuja sawasawa?" akauliza, akaenda zake.

Nilikasirika, lakini alisema kweli. Kwenye turbini kubwa za umeme, gesi huja kwa nguvu upande huu na kwa unyonge upande ule, tena hubadilika wakati wowote. Basi tukaziba nusu ya mdomo wa bomba kwa kadibodi, upande wa kulia. Lo! Gurudumu likalegea kabisa. Tukahangaika, tukiyageuza yale mapanga ya mbele moja moja, hadi likarudisha karibu nguvu yake yote.

"Sasa tuchomelee, hii maneno iishe," Wafula akasema. Alikuwa ameshaongea na fundi wa kuchomelea vyuma kule Ngara.

"Na watahini wakiziba ile side ingine?"

"Wewe nawe! Nani atafanya hivyo?"

Nikakataa katakata. Mapanga yakabaki yameshikwa na skrubu tu, vichwa vya skrubu vikiwa nje ya bomba ili tuweze kuyageuza, na Wafula akaninunia hadi siku ya mtihani.

Siku hiyo, mtahini mmoja mzee alisikiliza maelezo yetu, kisha akaitoa kadibodi yetu, akaondoa vikombe kwenye trei ya chai na kuiegemeza trei kwenye mdomo wa bomba. Upande wa kushoto! Turbini ikakoroma, sindano ya kipimo cha nguvu ikashuka, na mimi nikaiona kaunta ya baba. Halafu nikachukua bisibisi. Nikageuza panga la kwanza, nikasikiliza, nikageuza la pili. Sindano ikaanza kupanda. Ikapanda! Wafula akapiga nduru mbele ya watahini, adabu zote kwisha.

Bisibisi yenyewe nilikuwa nimeitoa dukani kwa baba, na hadi leo babu yako huwaambia wageni kwamba ndiyo iliyonifaulisha.

Kwa hivyo futa machozi, mwanangu. Kazi yako ikikubali leo, furahi, lakini usiichomelee ukadhani kesho itakuwa kama leo. Acha nafasi ya kugeuza, na ujue kila skrubu iko wapi. Hewa ikibadilika haijakuonea, ndivyo ilivyo hewa. Rudi kwa mtambo wako sasa hivi. Mungu aubariki mkono wako na autulize, na jioni unipigie tena, nikusikie ukipiga nduru.