Yafolo Iko Pale Tu

Ukimtafuta Rosine hapa mtaani Mangobo, usisumbuke kuuliza nyumba yake. Fuata harufu ya samaki wa moshi. Hiyo ndiyo biashara aliyoanza nayo na hajaiacha mpaka leo, ingawa siku hizi watu wanamjua zaidi kwa ile nyingine: kuwasafirisha watu kwa miguu bila yeye kutembea nao.

Ni hivi. Wapo Wakristo wanaopenda kufuata njia ya zamani ya makatekista, ile inayoshuka pamoja na mto ng'ambo ya kushoto, ikapita Yanonge na kwenda mpaka misheni kuukuu karibu na Isangi. Wengine wanatembea, wengine wanapanda baiskeli zilizobaki tangu enzi za toleka, kabla pikipiki hazijazinyang'anya abiria. Hawataki kiongozi. Wanataka kusali, kunyamaza, kupumzika kutokana na kelele za mjini, kila mtu kwa mwendo wake. Rosine anawaeleza njia, anawatafutia familia za kuwalaza, na mizigo yao anaipitisha mtoni kwa mtumbwi. Mtu anafika kijijini amechoka, anakuta mfuko wake umemtangulia, maji ya kuoga yako motoni na lituma ya ndizi imeshatwangwa. Wanauona kama muujiza. Mimi ndiye mwenye mtumbwi na injini, kwa hiyo najua muujiza huo unavyonuka mafuta.

Rosine ni mtu wa mto, wa ukoo wa wavuvi wa Yanonge. Anavijua vijiji vyote vya ukingoni, na kila kimoja anakijua kwa mahali pa kuegesha mitumbwi: mkondo unavuta wapi, mchanga umejificha wapi, mama yupi anauza kwanga nzuri ya muhogo. Anajivunia, na ana haki. Ila ana tabia moja inayonichosha. Hapendi kuulizwa jambo mara mbili. Ukirudia swali anakunja uso kana kwamba umemwita mwongo. Nimemwoa mdogo wake, kwa hiyo nimekunjiwa uso huo miaka mingi na nimeshauzoea. Wateja ndio wanaouogopa.

Papa Ignace na mkewe, Mama Virginie, walikuja kabla ya sikukuu ya Mama Maria ya mwezi wa nane. Ni wafanyabiashara wa Butembo, wana depo ya jumla mjini. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemlaza Papa Ignace hospitalini karibu kufa, akaweka nadhiri kwamba akipona ataitembea ile njia yote kwa miguu yake. Mama Virginie ana magoti mabovu, kwa hiyo alikaa nasi mtumbwini pamoja na mizigo.

Siku ya kwanza ilikwenda salama. Asubuhi ya pili, siku ya kwenda kijiji cha Yafolo, Papa Ignace alijichoma sindano yake ya insulini, akanywa chai na mkate, akatundika begani kamfuko alikotayarishiwa na mkewe: ndizi mbivu, biskuti, sukari na chupa ya maji matamu. Rosine akamwona.

"Papa, ile mufuko ya nini? Yafolo iko pale tu. Saa sita itakukuta unakula lituma ya moto."

"Docteur alinikataza kutembea bila chakula."

"Bon, utabeba chakula ya bure. Iko pale tu, papa."

Akaanza kukunja uso. Papa Ignace, mtu ambaye deponi hanunui hata katoni ya sabuni bila kuifungua na kuchungulia ndani, akavua kamfuko na kumkabidhi. Mama Virginie aliona yote, akapanda mtumbwini. Alikuwa mgeni, naye Rosine ndiye mwenye njia. Sikuona ubaya wowote. Kwa mtumbwi unazunguka kisiwa kimoja tu, na Yafolo hiyo hapo.

Tulifika mapema. Mwenyeji wetu, Mama Micheline, alikuwa anamenya makemba, ndizi za lituma. Tukashusha mizigo, tukanawa, tukakaa kivulini kungoja. Saa sita ikapita. Jua likaanza kuegemea, na barabarani hakuna mtu.

"Rosine, bwana yangu iko wapi?"

"Anakuja, mama. Labda anasali."

"Ile sindano ikishaingia, inatafuta chakula," Mama Virginie akasema taratibu, kama mtu anayejilazimisha kutopiga kelele. "Isipokipata, sukari inashuka mu damu. Anatoka jasho, anasema maneno ya ovyo, kisha anaanguka. Nilishamuona. Asipopata mutu wa kumupa sukari, haamuki."

Rosine alitaka kucheka kidogo ili kumtuliza. Ndipo Mama Micheline, akiwa na mchi mkononi, akauliza wapi huyo papa alilala. Tulipomtajia kijiji, mchi ukasimama.

"Na anakuja kwa miguu? Njia haifuate mayi, yaya Rosine! Inaingia mu pori, inazunguka mare yote, ile mayi ya kusimama, mpaka kwa daraja ya miti. Sisi wote tunaendaka mu mayi, na pirogue. Kwa miguu ni siku ya matanga tu, wakati pirogue zote zimejaa, na mutu anafika amekufa na kuchoka."

Nimemwona Rosine akibishana na askari kwenye kizuizi bila kupepesa jicho. Pale aliinuka kabla Mama Micheline hajamaliza. Alinyakua kale kamfuko na kukimbia, nami nikamfuata. Nyuma yetu Mama Virginie alikuwa amesimama na magoti yake, anapiga kelele sasa kweli: "Sukari kwanza! Sukari!"

Kwenye nyumba za mwisho tuliwauliza akina mama waliokuwa wanaanika mihogo. Hawakumwona mtu. Baada ya hapo njia iliacha mto kabisa, ikaingia msituni, nikaelewa kwa miguu yangu kitu ambacho injini haikuwahi kunifundisha. Tulitembea na kukimbia na kutembea tena. Rosine aliita, "Papa Ignace! Papa Ignace!" kila kona. Niliogopa, na woga ukageuka hasira. Nikamwambia yeye na mdomo wake wataua mtu. Aliongeza mbio tu.

Kwenye daraja gogo moja lilikuwa limeoza na kukatika. Rosine alilala kifudifudi akachungulia yale maji meusi chini, kwa muda mrefu, huku mimi nimeshika nguo yake asiteleze. Hakukuwa na kitu. Tukavuka.

Tulimkuta mbele kidogo, amekaa ameegemea mchikichi, shati limelowa jasho chapachapa. Viatu alikuwa amevivua na kuviweka pembeni. Alitutazama asitujue.

"Fungeni depo," akasema. "Leo hatuuzi."

Rosine akampelekea chupa mdomoni. Aliuma meno, akaupiga mkono wake, maji matamu yote yakamwagika. Basi Rosine akaketi chini kwenye matope, akamlaza kichwa mapajani, akachovya kidole kwenye sukari na kumsugulia ndani ya shavu, kwenye ufizi. "Lamba, papa. Lamba, nakusihi." Mzee alimwuma kidole. Rosine hakukitoa. Alichovya tena, na tena, na mimi nilisimama pale nikisali Salamu Maria na kuikosea katikati.

Hatimaye koo lake likacheza. Akameza. Tukampa ndizi kidogo kidogo, akatafuna macho yamefumba, na alipoyafumbua alikuwa amerudi.

"Rosine," akasema. "Nisamehe, binti yangu. Nimewachelewesha."

"Papa, hukupita manyumba?"

"Nilipita. Bamama walikuwa wanachoma makemba, wakanikaribisha."

"Na hukula?"

"Kila kona nilisema Yafolo iko nyuma yake. Wewe ulisema ni karibu. Nikaona basi, ni miguu yangu ndiyo mubaya. Mutu muzima, nishindwe na njia ya karibu? Nilisikia haya."

Rosine akaanza kulia. Angeweza kunyamaza. Mzee alikuwa ameshajitwika kosa lote, na mimi, shemeji yake, nisingemsema mahali popote. Alijifuta uso kwa mkono wenye matope.

"Si miguu yako, papa. Ni miye. Hii njia sijaipita hata siku moja. Niliipima na pirogue."

Papa Ignace aliendelea kutafuna. Alimtazama bila hasira, na nadhani Rosine angependelea hasira. Kisha akanigeukia mimi.

"Sadrack, wewe umetoka kule sasa hivi. Mbele iko namna gani?"

Nikamweleza: daraja, gogo lililooza, msitu mrefu, kisha nyumba za akina mama wa mihogo. Rosine alikuwa amepiga magoti, anamvalisha viatu, huku akinisikiliza mimi nikieleza njia yake.