Mwiko Usioingia Chunguni

Saa moja asubuhi, kabla jua halijaukamata ukuta, Sharifa Kalume anaunywesha maji. Anachovya fagio la chelewa ndani ya ndoo, anayarusha maji juu ya matofali, anangoja kidogo, anarusha tena. Ni ukuta mrefu, wa wodi mpya ya zahanati huku Mikelenge, mjini Kindu. Upande huu hauna hata dirisha moja, na leo unapigwa lipu.

“Ukuta wenye kiu unakunywa maji yote ya simenti,” anasema bila kugeuka. “Kisha kesho unatapika. Unaona vipande chini, unalia.”

Nyuma yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, amekaa mwanamume mwenye shati safi mno kwa mahali kama hapa. Mkono wake wa kulia ameulaza juu ya paja kama kitu cha kuazima. Anautazama ukuta tu.

“Huyu njo bwana yangu, Amuri. Yeye njo alinifundisha simenti,” Sharifa anaeleza. “Njo” ya hapa ni “ndiye” au “ndiyo” yetu.

Na leo amekuja kufanya nini?

“Hatujui bado,” anajibu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka.

Anayejua angalau anachotaka ni msimamizi wa kazi, sitwayeni, yaani raia, Okito. Wengi hapa Kindu bado huteleza wakamwita Zéphirin, jina lake la kabla ya sheria iliyokataza majina ya Kizungu, na yeye hugeuka kwanza kabla ya kukumbuka kukasirika. Okito anataka ukuta huu uishe leo leo, kwa mkupuo mmoja usiokatika. Lipu ikisimamishwa katikati, sehemu ya jana na ya leo hazishikani. Unabaki mstari ambao mafundi huuita kovu, na maji ya mvua hulijua kovu kuliko mtu yeyote.

Kazi hiyo ni ya watu wawili. Okito alikuwa na mafundi wengine wawili, lakini tangu serikali iwaruhusu raia kuchimba dhahabu, vijana wa mji huu wanapungua kama sabuni.

“Walisema wanaenda upande wa Kama kuona mujomba,” anasema Okito. “Mujomba gani anakaa ndani ya shimo? Nimebaki na Mama Sharifa peke yake. Na yule mzee pale, kama atakubali.”

Akubali nini? Hapo ndipo habari yenyewe ilipo, na mwandishi wa makala haya aliikanyaga jana yake kwa ujinga wake mwenyewe.

Tulifika nyumbani kwa Sharifa saa za mchana. Tulikuwa tumesikia sifa za kifaa alichokibuni cha kupigia lipu, basi tukamwomba kwa Kiswahili chetu cha mwambao: “Mama, hebu tuonyeshe mwiko wako.” Akatutazama, akaingia jikoni, akatoka na mwiko wa ugali. Ulikuwa na unga bado. Majirani walicheka mpaka mmoja akashika mti. Kumbe hapa Kindu cha fundi ni truweli, na ule ubao wa kulainishia ukuta ni talosi. Mwiko ni wa bugali, basi.

“Lakini hukukosea sana,” Sharifa alituambia, akijifuta machozi ya kicheko. “Mambo yote ilianzia kwa huu.”

Sharifa alizaliwa upande wa Lokandu, mtoni. Mama yake alikuwa msiribaji. Kila kiangazi wanawake walikanda udongo kwa miguu na kuusiriba ukutani kwa viganja, nyumba kwa nyumba, wakiimba na kusengenyana. Kiganja cha Sharifa kilijua ukuta kabla hakijajua kushika sindano.

“Udongo ilikuwa ya wanawake,” anasema. “Simenti ilikuja na treni, ikakuta wanaume njo wako kwenye gari la moshi, ikawa ya wanaume. Hakuna sababu ingine.”

Aliolewa na Amuri, fundi wa lipu ambaye jina lake lilitosha kumaliza ubishi wa bei. Alimbebea mchanga na maji kwa miaka mingi, akimtazama. Huko huko chini, ndoo kichwani, akaona kitu ambacho mafundi hawakukiona kwa sababu ndio waliokuwa wakiumia. Talosi ya dukani ina kishikio kifupi katikati ya mgongo. Fundi anaisukuma kwa mkono mmoja, na uzito wote wa ukuta unarudi kwenye kifundo cha mkono. Kishikio nacho kimelala chini mno, kwa hiyo vifundo vya vidole vinasuguliwa na simenti mbichi mpaka ngozi inatoka.

Kifundo cha Amuri kilianza kwa kuvimba jioni tu. Baadaye kikavimba asubuhi. Siku moja kwenye matanga ya jirani, Sharifa alikuwa amekoroga bugali ya watu wote, sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake. Aliporudi nyumbani alimkuta mumewe ameshindwa kushika kikombe cha chai.

“Nikajiuliza. Miye nimekoroga tangu asubuhi, na siumwi. Yeye amepiga ukuta mudogo, na mukono umekufa. Sababu gani?” Anasimama, anatuonyesha: miguu imepanuka, mikono miwili juu ya mpini mrefu, mmoja juu, mmoja chini, na mwili mzima ukiinama na kurudi. “Bugali haikorogwi na kifundo. Inakorogwa na mugongo, na mabega, na hasira kidogo.”

Akachukua talosi kuukuu ya mumewe, akang’oa kishikio, akapigilia mpini wa mwiko. Loo! Ubao ukawa unaitikia kama kichwa cha mtu anayesinzia, na kila ulipoitikia ulichimba ukuta. Akaung’oa mpini. Safari ya pili akatafuta panda ya mpera, ile ya kawaida ya mti inayogawanyika mara mbili, akazikaza ncha zake mbili kwenye ubao, mkia ukabaki wa mikono. Ubao ukatulia. Ila ulikuwa mzito, na ukinywa maji ulijikunja, na ukuta ukatoka na mawimbi.

Dawa ya hilo aliipata kwa Mama Philomène, muuza samaki wa Lokandu. Alikuwa amefungua mzigo wake sokoni na ndani yake mlikuwa na wavu wenye maboya ya mti mwepesi. Sharifa akaacha samaki, akashika boya.

“Nilimwambia, dada, huu mti unakaa ndani ya maji mwaka muzima na haunywi. Uniletee ubao wake. Alifikiri nimepata wazimu, lakini akaleta.” Mti huo ni laini, unalika upesi, kwa hiyo aliuzungushia kingo kwa ukanda wa bati la debe. Hapo ndipo kifaa kilipokamilika: uso mwepesi wa Lokandu, panda ya mpera ya Mikelenge, na mkao wa mwanamke mbele ya sufuria.

Alimpelekea mumewe kwa mikono miwili.

Amuri alikitazama, akakigeuza, akakirudisha. Vijana wa kazini walikuwa wameshaona na walishaanza kuimba kwamba mzee sasa atakoroga ukuta. “Miye sikorogi bugali ukutani,” alisema, akaingia ndani, akafunga mlango. Tangu siku hiyo hakupanda jukwaa la ujenzi tena. Walikula kutoka shamba la mihogo.

Msomaji atauliza kama Sharifa alilia. Alilia, anasema, siku mbili tatu. Kisha akajifunga kitenge, akabeba kifaa chake mwenyewe, akaenda kwa Okito kuomba ukuta. Wazee wa kazi wakasema mwanamke kupanda jukwaa ni mwiko. Ndiyo, neno ni lile lile, na Sharifa halijampita.

“Niliwaambia, muko na haki, ni mwiko. Njo huu hapa mukononi.”

Okito alimpa choo cha nyuma ya duka, akidhani hapo mama atamaliza maneno yake. Alimaliza choo. Akapewa duka. Leo mafundi wa Kasuku na hata wa ng’ambo ya mto huja kumwagiza panda, jina ambalo kifaa kimelipata, wakijifanya wanamnunulia rafiki. Fundi mmoja aliyekuwa akiimba wimbo ule alikuja jioni, amebeba gunia la kukifichia kifaa. Sharifa alimtengenezea vizuri kuliko wote. Mtu akiandika habari za Kindu asiache kuandika hilo.

Jana hiyo, tukiwa jikoni kwake, tuliona juu ya mafiga panda moja kubwa inaning’inia, nyeusi kwa moshi, mpini wake mrefu mno hata kwa sufuria ya matanga. Tukauliza ni ya nani. “Ile? Ile iko inakauka,” alisema, akabadilisha mazungumzo.

Sasa turudi ukutani. Simenti imechanganywa, Okito anatazama jua, na Sharifa ameshapanda. Anarusha lipu kwa truweli, tap, tap, kisha anashika panda kwa mikono miwili na kuanza kuinama na kurudi. Ukuta unalainika mbele yake. Yuko upande wa kushoto. Upande wa kulia matofali yanaanza kukauka, na kila mtu anaona kwamba peke yake hatafika.

Panda yake ya zamani, ile ya kwanza kukamilika, imeegemezwa karibu na ndoo ya Amuri. Hakuna aliyemwambia kitu. Sharifa hajageuka hata mara moja.

“Baba Zawadi,” anaita hatimaye, kwa jina la binti yao mkubwa. “Huku kwako kunakauka.”

Amuri anainuka. Anavua shati lile safi, analikunja, analiweka juu ya ndoo. Anashika panda. Anaigeuza kama siku ile. Kisha anapanda jukwaa, anaweka miguu, na kuanza. Mwanzoni anasukuma kwa mkono mmoja kwa mazoea, uso unakunjamana, anaongeza wa pili, mgongo unakumbuka. Kwa sababu mpini ni mfupi kwake anainama kama mtu anayetafuta sarafu. Lakini anaendelea, na uso umeacha kukunjamana.

Wanakutana katikati ya ukuta mchana mkali, bega kwa bega, na wanaendelea kulainisha, kwa sababu simenti haingoji maneno.

Alasiri Okito anakuja na desturi yake. Anafumba macho, anaweka kiganja ukutani, anatembea kutoka mwisho hadi mwisho akitafuta kovu. Anafika. Anarudi. Anatembea tena polepole, vidole vimepanuka. Anafumbua macho, karibu akasirike.

“Mama aliishia wapi? Nani alifanya huku?”

Amuri anajifuta simenti kwenye kiwiko.

“Miye njo nilikoroga huku,” anasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Kicheko kinachofuata si cha kumcheka mtu yeyote. Kila mmoja anacheka chake. Sharifa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika, na mwandishi huyu hajui kama ni kicheko au ni kile kingine. Tulipomuuliza baadaye ana matumaini gani, alituonyesha mume wake kwa kidevu tu.

Amuri bado ameshika panda ya zamani. Anajinyoosha, mkono kiunoni.

“Mama Zawadi, hii ni fupi. Mugongo unauma. Kesho tuko na ukuta wa ndani. Unitengenezee yangu, yenye mupini murefu.”

“Iko tayari,” anajibu Sharifa. “Iko juu ya mafiga tangu ile siku ulifunga mulango.”