Maisara na Mkutano Usiokuwapo

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Maisara aligombana na mumewe juu ya kipande cha bati.

Muhdhar ni fundi wa bati. Hutengeneza seredani za makaa na kopo za kuchotea maji, chini ya nyumba yao ya Kibokoni, na vipande vikali humfuata mpaka ngazini. Maisara alishuka na ufagio, akaokota kimoja, akakiinua mwangani.

"Hiki nacho chafanya nini hapa?"

"Kimepumzika."

"Siku moja kitanipasua mguu, ndipo utakapojua kimepumzika."

Wakanywa chai ya rangi na mahamri ya jana aliyoyapasha moto. Alimmegea mumewe nusu iliyo kubwa, kama alivyofanya miaka arubaini na mitatu, akasema yeye hana njaa, kisha akaila nusu yake yote na makombo akayafuta kwa kidole. Hilo ndilo Muhdhar alikumbukalo kuliko yote. Kile kidole.

Chai haijaisha, hodi ikabishwa. Alikuwa Joy Mbodze, tarishi wa bunge la kaunti, msichana wa Kaloleni aliyepanga chumba mtaa wa pili. Siku zote huingia na kelele zake. Siku hiyo alisimama mlangoni na bahasha.

"Mama Zakariya, hii lazima uitie sahihi. Si mimi niliyeandika, mimi nimetumwa tu."

"Kwani nani kasema ni wewe? Ingia unywe chai."

Hakuingia. Alichukua sahihi, akaondoka upesi.

Muhdhar hakwenda skuli. Alisoma chuo cha Kurani, herufi za Kiarabu azijua, lakini barua ya serikali kwake ni ukuta mtupu. Maisara alifika darasa la saba. Aliisoma kimoyomoyo kwanza, halafu kwa sauti. Aitwa mbele ya kamati ya bunge, Jumatano ya wiki ijayo, saa tatu. Atasema kwa kiapo.

"Juu ya nini?" Muhdhar akauliza.

"Juu ya ukumbi." Akaikunja barua. "Na juu ya Sufyan."

Zakariya alikuwa mtoto wao wa pekee. Aliishi siku kumi na tisa. Wiki ile ile jirani yao alijifungua mvulana, akashikwa na homa, maziwa yakakatika. Huku kuna maziwa na hakuna mtoto. Kule kuna mtoto na hakuna maziwa. Maisara akamnyonyesha huyo mvulana, Sufyan, miezi minane. Kwa sheria ya dini akawa mwana wao wa kunyonya. Maisara ni mama yake, Muhdhar ni baba yake, na siku Maisara atakapokufa, Sufyan ni mmoja wa wanaume wachache walioruhusiwa kuushika mwili wake na kuulaza kaburini. Mtaa mzima ulimwita Maisara Mama Zakariya. Aliyemwita mama, basi, ni Sufyan tu.

Sufyan alisoma akapanda. Sasa alikuwa mkurugenzi wa Bodi ya Viwanja, akaishi ng'ambo, upande wa Nyali. Maisara naye alikuwa mwangalizi wa ukumbi wa mtaa. Kazi yake kufagia, kufungua, kufunga. Ufunguo ulikuwa mmoja, nao alikuwa akiufunga kwenye ncha ya leso yake.

Nyuma ya ukumbi kuna kiwanja. Hapo ndipo watoto hucheza, hapo hupikwa biriani ya harusi, hapo husaliwa maiti msikiti ukijaa. Bodi iliamua kumpa kiwanja hicho mtu mwenye pesa zake. Sheria yasema hawezi kupewa mpaka wenye mtaa waitwe na kuulizwa. Basi Sufyan alipeleka karatasi juu: wenye mtaa waliitwa, wakakaa ukumbini Jumanne fulani, wakakubali. Majina themanini na sita, na sahihi zao.

Majina hayo yalitoka wapi, Maisara alijua. Sufyan alikuja siku moja akasema, "Mama, niazime daftari lenu la chama cha mazishi, nataka majina ya watu wa mtaa." Naye akampa. Mama humnyima mwanawe daftari?

Karani wa Bodi akanakili majina kama yalivyofuatana, hakuruka hata moja. La kumi na mbili lilikuwa la Bi Fadhiya.

Hilo ndilo kosa. Mumewe Fadhiya alikuwa amekufa, na Jumanne hiyo Fadhiya alikuwa mwezi wa tatu wa eda. Hatoki. Mwanamke wa Kibokoni aliye edani hafiki hata kwenye baraza yake mwenyewe, sembuse mkutanoni kutia sahihi mbele ya wanaume. Mtu wa mbali hawezi kujua. Lakini Sufyan alizaliwa hapa, na jeneza la mume wa Fadhiya alilibeba kwa bega lake.

Fadhiya alipomaliza miezi yake minne na siku kumi, safari yake ya kwanza nje haikuwa kwa dada yake wala sokoni. Alikwenda bungeni. Inasemekana aliwaambia wajumbe, "Nimekaa ndani miezi minne sijaona jua, kumbe roho yangu yenda mikutanoni." Wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Kazi ya kamati ile ni kuwauliza wakubwa wa serikali: hili mmelifanya, kwa idhini ya nani? Wakamuuliza Sufyan. Akasema mkutano ulikuwapo. Basi, wakasema, na aitwe mwenye ufunguo.

Sufyan alikuja siku ya pili, baada ya alasiri. Alivua viatu, akambusu Maisara mkono, akakaa mkekani kama mtoto. Suruali yake ilikuwa ya bei, ikambana magotini.

"Mama, wewe sema hukumbuki. Mtu mzima kusahau si dhambi."

"Nimesahau nini?"

"Ile Jumanne."

"Ile Jumanne naikumbuka. Nilimpelekea Fadhiya uji. Ukumbi sikuufungua."

"Ndiyo nakwambia usikumbuke."

Maisara akauliza, "Nani alikuambia ufanye vile?"

"Aliye juu yangu. Alisema Ijumaa ayataka majina mezani, na nisipoyaleta yupo atakayeyaleta na kukikalia kiti changu." Akajipangusa uso. "Mama, na mimi nimeshikwa. Ukisema ukumbi ulifungwa, si kazi tu. Ni kotini. Ni jela."

"Na nikisema ulifunguliwa?"

"Hapana lolote. Yatapita."

"Yatapita wapi? Kiwanja kishakwenda."

Sufyan akamgeukia Muhdhar. "Baba, sema nawe."

Muhdhar alikuwa na mkasi wa bati mkononi, hakujua kwa nini amepanda nao juu. Angeweza kunyamaza. Mara nyingi hunyamaza, watu humjua kwa hilo. Siku hiyo akafungua mdomo.

"Sema hukumbuki, Mama Zakariya. Tuna mtoto mmoja."

Maisara alimtazama. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika.

"Na nyinyi wawili," akasema, "mwanisukuma kila mtu kwa upande wake, na ukuta ni ule ule."

Siku zilizobaki hazikwenda, zilijikokota. Alikwenda kwa mwalimu wa msikitini kutaka shauri. Mwalimu akamwambia ushahidi ni amana, kisha akamwambia kuunga udugu ni wajibu, kisha akakumbuka ana wageni. Alikwenda dukani, wanaume wa barazani wakanyamaza apite, na mmoja, Katana muuza samaki, hakuweza kujizuia.

"Mama wa mkurugenzi, Jumatano tutaona. Maziwa na Msahafu, kipi kizito."

"Pima samaki wako vizuri kwanza, Katana," akamjibu. "Mizani yako yenyewe yatetemeka."

Watu wakacheka. Alipofika nyumbani, Muhdhar alimwona amekaa kwenye ngazi, kikapu kingali mkononi, haendi juu wala harudi chini. Alitaka kumwambia jambo. Hakulipata. Akashika nyundo akaendelea kugonga bati, kwa maana kelele ya bati yajaza nyumba.

Jumatano walikwenda bungeni kwa miguu. Maisara alivaa buibui lake jipya. Mlangoni askari alisema kikao ni cha faragha, shahidi peke yake. Muhdhar akakaa nje kwenye benchi. Aliwaona wajumbe wakiingia na mafaili yao, wengine vijana wa kuwa wajukuu zake. Mmoja alimpa mkono Sufyan aliyekuwa akingojea hapo nje, akapita akitazama viatu vyake. Sufyan na Muhdhar walikaa hatua kumi mbali, hapana aliyemsogelea mwenzake.

Ikapita saa moja na zaidi. Maisara akatoka. Alimpita Sufyan, akamshika bega kidogo kama mtu atafutaye pa kujishikiza, akaja kwa mumewe.

"Twende."

Njiani hakusema. Nyumbani hakusema. Muhdhar hakuuliza, na sababu yake hii: alikuwa akiogopa majibu yote mawili. Kama alisema kweli, mtoto amekwenda. Kama alisema uongo kwa kiapo, ni yeye Muhdhar aliyemtia ule uongo mdomoni. Akajifungia humo katikati akakaa. Maisara naye akakaa upande wake. Walikula sahani moja kama kawaida, wakasema habari za chumvi na habari za maji kukatika. Sufyan hakuja tena Ijumaa kama alivyozoea. Kila Ijumaa Maisara alipika wali wa watu watatu.

Miezi miwili ikapita hivyo. Presha ikampanda Maisara, akaanguka ukumbini na ufagio wake, wakampeleka hospitali, hakurudi.

Siku ya maziko Sufyan alikuja. Hakuitwa. Alikunja mikono ya kanzu, akashuka kaburini pamoja na Muhdhar, wakampokea wawili, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Walifanya kazi vizuri, bila neno, kama watu waliozoeana. Muhdhar alimtazama usoni apate kusoma huyu amekuja kama mwana aliyesitiriwa kwa uongo au mwana aliyesemewa kweli akasamehe. Hakusoma kitu. Sufyan alipanda juu, akanawa, akaondoka kahawa haijaletwa.

Baada ya arubaini, Joy alibisha hodi. Mara hii aliingia.

"Mzee, ripoti ya kamati imesomwa bungeni jana. Sasa si siri tena. Maneno ya mashahidi yote yamo, kama walivyosema, neno kwa neno. Nimekutolea ya Mama Zakariya."

Zilikuwa karatasi tatu. Muhdhar alizishika, akazigeuza, akamrudishia.

"Kwanza n'ambie ripoti yasema nini."

"Yasema mkutano haukuwapo. Kiwanja kisitolewe kwa mtu. Yasema Sufyan aondolewe kazini, na aliye juu yake achunguzwe."

"Wataondolewa?"

Joy akavuta pumzi. "Bunge laweza kusema tu, mzee. Wa kuwaondoa ni ofisi ile ile ya juu. Ripoti imepelekwa huko. Iko huko."

"Na Sufyan?"

"Yuko ofisini kwake. Leo nimempelekea barua. Amekonda."

Basi ndivyo ilivyo hata sasa. Kiwanja hakijauzwa wala hakijaokoka. Sufyan hajafukuzwa wala hajasafishwa. Muhdhar hugonga bati zake.

"Nisome?" Joy akauliza.

Muhdhar alitazama mlango, kisha akaona hata akitoka hana pa kwenda. "Soma. Usiruke."

Joy alisoma pole pole. Jina la Maisara, umri wake, kazi yake. Aliapa kwa Msahafu. Akaulizwa ile Jumanne ukumbi ulifunguliwa, akasema haukufunguliwa. Akaulizwa daftari lilitoka wapi, akasema, mimi ndiye niliyelitoa, na kosa langu liandikeni pia. Akaulizwa kama kuna mtu aliyemshawishi afiche. Hapo Joy alisita.

"Soma."

"Yasema: 'Walikuwapo walionipenda, wakaniogopea. Hao siwataji.'"

Muhdhar aliinamisha kichwa. Nje mtu alipita akiuza maji kwa mkokoteni, magurudumu yakalia mpaka mwisho wa kichochoro.

"Imebaki moja," Joy akasema. "Mwenyekiti anamuuliza mkurugenzi ni nani kwake, na kama ana neno la mwisho kwa kamati." Akaileta karatasi karibu na macho, akamsomea kama ilivyoandikwa:

"Ni mwanangu, nimemnyonyesha. Alipokuwa mdogo hakuweza kusema uongo mtu akimtazama. Sasa amekuwa mkubwa, na kila apitapo watu huangalia chini, hata nyinyi humu ndani nimewaona. Nyinyi ndio mliowekwa kumtazama yeye na walio juu yake. Mimi nimechoka kumtazama peke yangu. Mtazameni."