Mikono Iliyoshikana Buluk

Jumatatu, kwenye foleni ya benki pale Buluk, mtaa wa Juba, mzee aliyekuwa mbele yangu aliketi sakafuni polepole, kisha akalala. Mama mmoja aliacha foleni, akapiga magoti, akatega sikio puani pa mzee, kisha akaanza kumkandamiza kifua kwa viganja viwili.

"Mimi ni nesi," alisema bila kuinua macho. "Moyo umesimama. Kwetu Nairobi tungekuwa wanne: mmoja anasukuma, mmoja anampa hewa, mmoja ana mashine ya kushtua moyo, mmoja anaangalia saa. Hapa nataka mtu mmoja tu wa kunipokea."

"Mimi iko, mama," alisema Mganda mmoja mwenye duka.

Alimpokea vizuri. Nesi akatoka nje kutafuta mtandao ili aite gari, maana amani imetuletea benki Juba, ambulensi bado. Ndipo bwana mmoja mwenye tai akasema kwa upole, "Ndugu zangu, tushikane mikono tumwombee."

Tulishikana wote. Mganda naye, mtu wa kanisa, alifumba macho akatoa mikono yake, mmoja kulia, mmoja kushoto. Maombi yalikuwa mazuri, na hayakuwa mafupi.

Nesi alirudi. "Nani amewaambia muache kifua?" Alisukuma peke yake mpaka gari likafika. Lilibeba maiti.

Akijifuta jasho, alituambia, "Mungu anasikia hata mikono ikiwa kazini."

Nimekaa na maneno hayo wiki nzima. Mimi pia nilikuwa na mikono miwili, na yote ilikuwa imeshikwa.