Plasta ya Baba

Kanisa letu karibu na Msambweni lilijengwa na mapadre wa kizungu pamoja na mafundi wa Kidigo, ndivyo tulivyoambiwa. Mawe ya matumbawe, chokaa na mchanga, boriti za mikoko juu, na kuta nene kiasi kwamba dirishani mtu angeweza kulala. Kila mwaka kabla ya Pasaka, mchoma chokaa mmoja wa pale kijijini, Mwislamu, alikuja kuzipaka upya, kama baba yake alivyofanya. Sisi watu wa bara tuliudhika. Ukiegemea ukuta, suti ya Jumapili inatoka nyeupe mgongoni.

Mwaka wa tisini na saba vurugu ziliwakimbiza watalii, na hoteli moja ya Diani ikatuachisha kazi mimi na baba ndani ya wiki moja. Mimi nilikuwa nafua mashuka, yeye alikuwa fundi mwashi. Akakaa nyumbani miezi mitano, hanyoi ndevu, haulizi habari za mtu. Kisha mvua kubwa zikapungua, na kamati ya kanisa ikamwomba azipige kuta plasta ya saruji, tuachane na mambo ya vumbi. Baba alifufuka. Alinyoa siku hiyohiyo.

Nilikuwa nikimpelekea baba chakula kanisani, mchoma chokaa aliponisimamisha njiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie babako, ukuta ule wapumua. Bado una maji ya mvua ndani. Akiuvika saruji, maji na chumvi vitaula ndani kwa ndani, nje usione kitu. Mwambie tafadhali, mimi hatanisikiza."

Sikumwambia. Nilijidai kwamba yule mtu alikuwa analilia kitumbua chake kilichoingia mchanga. Ukweli ni kwamba niliogopa kumwona baba akirudi kwenye kiti chake na ndevu zake. Jumapili ya Pasaka watu walimpigia makofi kanisani, na mimi nikapiga kuliko wote.

Masika ya mwaka uliofuata, Ijumaa asubuhi, ukuta wa upande wa bahari ulianguka. Bibi aliyekuwa akifagia alikuwa chini yake. Mchoma chokaa ndiye aliyefika wa kwanza, akayaondoa mawe kwa mikono. Tulimtoa yule bibi akiwa amekufa. Lile jiwe la ndani lilikuwa limekuwa unga uliolowa, na plasta ya baba ilikuwa imara vilevile, imelala vipande vipande juu ya mabenchi.

Baba hakuingia tena kanisani. Ugonjwa ulimkuta mwaka huohuo, naye hakubishana nao. Siku moja nikimnywesha uji aliushika mkono wangu.

"Miaka yote hiyo watu wanaishi na ukuta ule. Kweli hapakuwa na hata mmoja aliyejua, aniambie?"

Mchoma chokaa hajawahi kumwambia mtu kwamba alinituma.

"Hapakuwa na mtu, baba," nikamjibu, nikamwekea kijiko kingine mdomoni.